Kipa Hajachoka

Jumatatu, 3 Machi
Kitinda mimba wangu kaondoka. Muuguzi mtarajiwa huyo! Mafunzo ya wodini siku sita, simu haziruhusiwi. Kaniachia simu, na ndani ya simu kuna timu yake ya mpira. Mchezo wa bure. Wewe ndiye kocha, unapanga wachezaji, mechi inajicheza yenyewe. Timu kumi na mbili, zote za watu wa hospitali yetu na watoto wao. Mwanangu anaongoza. Naandika tena: anaongoza. Misimu miwili iliyopita alikuwa wa pili. Alisema si kitu, ila chakula hakukigusa. Mama anaona. Zimebaki mechi mbili.

Agizo lake moja tu. "Mama, kila asubuhi bonyeza mazoezi. Kingine usiguse."

Nikamwambia nimewalea wanne bila karatasi ya maelekezo.

Jumanne, 4 Machi
Nimebonyeza. Kazi nyepesi. Kule kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, nikawatangazia wenzangu kwamba kocha sasa ni mimi. Mama Pacha wa upande wa pasi alicheka hadi akaunguza foronya. Yeye ndiye wa pili kwenye ligi. Pacha wake walimfundisha wiki moja, sasa anatembea kama kazaliwa uwanjani. Akasema akili ya mtoto haipandi kurudi kwa mama. Nikamuuliza, kwani maji yanayofuata mkondo yanatoka wapi? 

Mchana nikachungulia kikosi. Kila mchezaji ana mstari wa nguvu: kijani yuko sawa, nyekundu kachoka. Washambuliaji wote wekundu! Watoto wa watu! Mwanangu ana kila kitu, ufuaji tu hakurithi. Sisi sheria yetu inajulikana: shuka iliyotumika iende kuloweka, safi ndiyo itandikwe.

Jumatano, 5 Machi
Nimegusa. Kidogo tu. Mshambuliaji mmoja nimempeleka benchi akaloweke. Mahali pake nimeweka kipa wa akiba. Nguvu mia kwa mia, msimu mzima hajachafua hata soksi. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Mimi, mtu mzima, naulizwa na simu!

Saa saba mchana mechi. Tumeshinda moja bila. Kafunga nani? Kipa wangu! Maandishi ya mechi yanasema mpira ulimgonga mgongoni ukaingia. Wivu wa mwandishi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsimulia mpishi. Nimemsimulia mlinzi wa getini. Nimemsimulia daktari mkuu, ambaye alikuja kuchukua koti lake tu. Mama Pacha akanikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia maji ndiyo kazi yangu.

Jumamosi tunacheza naye. Sisi sare tu inatutosha.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanangu kapiga kwa simu ya msimamizi wao. Akauliza goti langu, kisha timu. Nikasema tumeshinda. Akauliza kama nimegusa kitu. Nikasema mtandao unakatika. Ulikuwa haukatiki.

"Sare tu, Mama," akasema. "Safari hii nisiwe wa pili."

 Mwanangu siwezi kumwacha mikononi mwa bahati. Kesho tunafua kikosi kizima.

Jumamosi, 8 Machi
Waliochoka wote wamelowekwa. Makipa wa akiba wawili mbele. Kipa mkuu naye alikuwa kijani tupu, nikampa nafasi ya kiungo. Langoni nikamweka beki mmoja mfupi aliyechoka, asimame apumzike.

Nane bila.

Bao la tano lilipoingia Mama Pacha alizima pasi, akaja akakaa karibu yangu. Hakucheka. Alisema angejua namna ya kuusimamisha mchezo angeusimamisha. Bingwa ni yeye. Nilimpa mkono. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya mashine kubwa, pale kelele inaficha mtu.

Jumapili, 9 Machi
Karudi, kakonda. Nimefua sare zake mara mbili, zilikuwa safi. Nikamweleza yote, pamoja na mtandao. Akachukua simu, akakitazama kikosi muda mrefu.

"Mama. Kipa kacheza mbele?"

Nikasema alikuwa hajachoka.

Akacheka hadi akakaa sakafuni. Machozi yakamtoka, mengine ya kucheka, mengine si ya kucheka. Nikayafuta yote kwa upindo wa gauni langu. Wa pili tena, mwanangu, na mkono uliomwangusha ni huu huu. Lakini chakula kala, sahani mbili, akaniegemea begani kama alipokuwa mdogo. Akasema ana dawa: nipate timu yangu mwenyewe, ya kwake nisiikaribie.

Jumatatu, 10 Machi
Nina timu! Kabla ya kwenda chuo kanielekeza taratibu, kwamba nguvu si ufundi, kwamba kila mchezaji ana nafasi yake. Nimemwelewa vizuri sana. Kosa langu nimeliona: nilichanganya. Nyeupe na za rangi hazifuliwi pamoja, na mimi nalijua hilo tangu usichana.

Kwa hiyo nimechagua makipa kumi na mmoja. Makipa watupu. Wote kijani. Atakayetufunga apitie wapi?

Simu imeuliza kama nina uhakika. Nimemchokoza Mama Pacha kwa maneno tangu asubuhi; saa saba, mechi yetu ya kwanza, analeta kiti chake.