Ombi la Kumtoa Binti Yangu Kwenye Wimbi Lililosimama

Kwa Mwalimu Mkuu,

Barua hii ikukute ofisini, tena umeketi, maana kwa ninayoyasikia, shuleni kwako hata kuketi mahali pamoja kumeanza kutiliwa shaka.

Mimi ni seremala wa ngazi, nimemaliza kidato cha nne, na huandika shajara kila siku. Naomba binti yangu aondolewe somo la fizikia, asome uhasibu kuanzia muhula ujao. Sababu zangu:

1. Tarehe 4, mwalimu wake wa fizikia aliwafundisha kwamba elektroni haina mahali maalumu ndani ya atomu. Imetanda kama ukungu, na sisi tubaki kukisia uwezekano. Jioni nikamtuma binti misumari, akachelewa. Kumuuliza alikokuwa, akanijibu kwamba tuzungumzie uwezekano tu. Mwalimu Mkuu, uwezekano huo naujua. Anakaa nyumba ya tatu na ana pikipiki.

2. Tarehe 9, binti alitangaza mbele ya mteja wangu kwamba elektroni hutoka kiwango cha chini hadi cha juu bila kupita katikati. Mteja akaniambia basi nipunguze vipandio vinne kwenye ngazi yake.

3. Sasa amefunga kamba ya kuanikia nguo kwenye kitasa cha mlango, anaitikisa kutwa, na mama yake anaanika shuka madirishani. Ati kamba husimama na matumbo mawili, yaani sehemu zinazovimba inapotikiswa, au matatu, kamwe si mawili na nusu. Na ati elektroni nayo ni wimbi la namna hiyo, limezunguka kiini, ndiyo maana viwango vyake ni vya kuhesabika. Kitu gani hicho kinachokataa nusu? Mwalimu wako huyo hufika darasani nusu ya kipindi, na sijasikia sheria ya maumbile iliyomzuia.

4. Mke wangu naye amehamia upande wao. Nikilalamika, hunijibu kwamba nimekosa nishati ya kupanda kiwango.

Kwa hiyo mwalimu huyo naye apewe somo linalolingana na kipaji chake. Napendekeza maigizo.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa getini, ambaye namshukuru kwa kuwa mahali pamoja kila nijapo.

Wako kwa heshima,
Baba wa binti wa dawati la mbele

Baada ya sahihi: Leo niliifunga kamba hiyo karakanani ili nikuletee matumbo mawili na nusu kama ushahidi. Nimeitikisa mpaka bega limekufa ganzi. Mawili inakubali, matatu inakubali. Hapo katikati inavurugika tu. Binti alinikuta, hakucheka, akanishikia ncha ya pili. Tafadhali asihamishwe. Na umuulize mwalimu kama hupokea watu wazima Jumamosi.