Geuza, Zidisha, Usiulize

Jumatano, 11 Juni 2025, Malaba

Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani Mwingi. Mgongo umekwisha. Leo tumeshusha mahindi ya Uganda, lori baada ya lori.

Jioni binti yangu Everline alinipigia kwa simu ya mama yangu, anayemlea. Yuko Gredi ya Sita. Asipokuwa na swali la hesabu husema "niko sawa, baba," kisha humpa nyanya yake simu. Akiwa na swali, tunaongea mpaka salio liishe. Ndiyo maana nimenunua kitabu chake sokoni na kukariri majibu yaliyo nyuma. Shule niliachia darasa la sita mwenyewe. Yeye hajui.

Leo aliuliza: tatu ukigawa kwa nusu ni sita. Mbona kugawa kunaongeza?

Balaa! Kitabu kina sita, hakina mbona. Nikamwambia: geuza, zidisha, usiulize.

Akasema ati hata mwalimu alimjibu hivyo hivyo. Kisha, "Ngoja nimpe nyanya."

Alhamisi, 12 Juni

Kosa langu: nilimwambia Mulama, tunayebeba naye magunia. Akacheka mpaka akaketi chini. "Boss, hata wewe uligeuzwa ukazidishwa, na hukuuliza!"

Amoit, mama anayeuza mahindi kando ya ghala, hakucheka. Alinisukumia gorogoro, mkebe wake wa kupimia mahindi, na kikombe kinachobeba nusu yake. Nipime gorogoro tatu, kisha nihesabu vikombe.

Nikapima kama mnunuzi yeyote wa hapa: mlima juu mpaka punje zinamwagika. Vikombe sita, na mahindi yakabaki! Nikapiga kelele kwamba kitabu kimetudanganya.

Amoit akafuta mdomo wa mkebe kwa kiganja. "Mlima ni wa mteja, mzee. Si wa hesabu."

Tulipopima sawasawa: sita kamili. Akasema hapo hupunguzi kitu, unauliza tu nusu ngapi zimo ndani.

Maneno matamu! Nimeyakariri yote. Mchana kutwa, gunia begani: nusu ngapi zimo ndani, sita. Nusu ngapi zimo ndani, sita.

Jumapili, 15 Juni

Nilipiga simu mwenyewe. Nikamweleza yote, hata kiganja cha Amoit. Everline alipiga kigelegele! Ah, mimi ni baba bwana!

Hapo ningekata simu.

Akauliza: na robo tatu ukigawa kwa robo?

Nikasema sita.

"Sita, baba?"

Sita! Gorogoro haidanganyi!

Nikamsikia akikimbilia jikoni. Vikombe vikagongana. Akarudi akihema: ni tatu. Robo ngapi zimo ndani ya robo tatu? Si ni hizo hizo tatu! Alinieleza polepole, kama anayemwongoza mzee kuvuka mtaro.

Nikasema nilikuwa namjaribu.

"Sawa, baba." Marehemu mama yake alikuwa na sauti hiyo hiyo akiamua kunisamehe.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna simu. Mulama anasema labda ni netiwaki. Netiwaki iko. Yeye mwenyewe ameongea na mkewe aliye kwao Chakol asubuhi nzima, akicheka karibu na sikio langu makusudi.

Jumapili, 22 Juni

Nikapiga. Nikauliza hesabu zinaendaje. Anazipata zote. Anawafundisha wenzake kwa kikombe cha nyanya. Nikamwomba swali moja gumu. Basi hata rahisi.

"Hakuna, baba. Wewe pumzisha mgongo."

Akaanza mambo mengine. Ninakula nini huku? Mvua imenyesha? Ninalala vizuri? Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku nikipekua kurasa, labda ningeona hesabu ambayo hajafika.

Mwishowe akasema, "Njoo tu, baba." Hakuniambia ngoja nimpe nyanya. Alikaa pale akipumua kwenye simu, mpaka salio langu likaisha.

Mtoto haelewi. Nije na nini kichwani? Akiniuliza kitu mbele ya mama yangu, je?

Nimenunua kitabu cha Gredi ya Saba. Majibu yako nyuma, Mungu ni mwema, lakini ni kinene. Nilipanga kurudi Agosti, shule zikifungwa. Agosti nitakuwa sijafika hata katikati. Basi nitarudi Desemba, nikiwa nimekikariri chote.