Ombi la Kuwekewa Wakili wa Joho

Bagamoyo,
Februari 1949

Kwa jenabi mwalimu wangu, Sheikh Darwesh bin Nasor, mwenye kufungisha ndoa yangu Ijumaa hii, inshallah.

Shikamoo, Sheikh. Ukipenda kujua hali yangu, mimi ni mzima kichwani na miguuni. Kati ya shingo na kiuno si mzima hata kidogo. Kaskazi ya mwaka huu imenitoa harara, vipele vidogo vyekundu vinavyowasha mchana kutwa, na kazi yangu ya kusimama kwenye mizani ya mbata za nazi, bati juu ya kichwa, imeizidisha. Nakuandikia kwa adabu zote, maana mambo yamefika pabaya, na nisipopata hukumu yako nitamkosa Khairat binti Mbaruk niliyemposa tangu mwaka juzi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kila mwenye akili katika mji huu anajua harara inataka nini: maji baridi, nguo nyepesi, upepo, na mikono isifike mgongoni. Sasa tazama nilivyoamriwa kuvaa siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, jua bado kali: fulana, kanzu, kisibau, mshipi wenye jambia, kilemba, na juu ya yote lile joho jeusi la sufu la Mzee Mbaruk, baba yake bibi harusi, ambalo kila kijana wa hapa huliazima akioa. Aliyelishona alikuwa na ugomvi na mtu.

2. Dawa nimezitumia. Majani ya mwarobaini yamechemshwa, nimeyaoga mpaka mbu wananikimbia. Mama mdogo Ashatu, kwa huruma zake, akanipaka mafuta ya nazi mgongo mzima. Harara ikanona. Nilipomlalamikia akasema ningetulia ingepona, kana kwamba nilikuwa nacheza ngoma.

3. Hapa ndipo penye shida yenyewe. Juzi nilikwenda kwa wakwe kupeleka salamu. Nikingoja barazani nikawashwa pale katikati ya mgongo ambapo mkono wa mwanadamu haufiki, na mlango wa Mzee Mbaruk, kama ujuavyo, umechongwa vizuri sana. Nikauegemea mwimo wake. Nikapanda kidogo, nikashuka kidogo. Sheikh, raha ile siwezi kuieleza kwa mwalimu wangu. Kumbe Bi Bimdogo, shangazi yake Khairat, alikuwa dirishani. Kabla ya magharibi mji mzima ulikwisha ambiwa kwamba bwana harusi ana upele wa kuambukiza. Mzee Mbaruk hakusadiki moja kwa moja, lakini ameweka sharti: nikionekana kujikuna ndani ya joho mbele za watu, mara moja tu, binti haolewi.

4. Nao watu wa dufu wamekwisha sema watanisindikiza kwa kasida, na unajua mwendo wao: hatua moja, kasida mbili. Toka kwetu hadi kwa Mzee Mbaruk mbuzi mlemavu angekwisha fika na kurudi.

Kwa hiyo, Sheikh, nimefikiri, nami ni mwanafunzi wako. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mtu aweza kumweka wakili akaikubali ndoa kwa niaba yake, na ndoa ikasihi. Basi kama ulimi wangu waweza kuazimwa, mgongo wangu una kosa gani? Naomba nimweke ndugu yangu Kibwana awe wakili wa joho. Yeye avae, asindikizwe, akae kitako pale mbele, juu ya mkeka. Mimi nitakuwa uani ndani ya birika la kuogea, maji shingoni, na ukifika kwenye kuuliza nitajibu nimekubali kwa sauti kubwa kupitia dirishani.

Najua utasema Kibwana naye ana ngozi. Ni kweli. Akiwashwa, naye amweke wakili wake, na huyo amweke wake, mpaka apatikane mtu asiyetoka jasho. Nasikia yuko mmoja Kiwangwa, analima mananasi, hata mwaka wa njaa hakuna aliyemwona akitoka jasho, ingawa wengine wanasema ni uvivu tu.

Na hilo likikushinda, basi joho litembezwe peke yake. Livikwe juu ya mti mrefu, kilemba kileleni, jambia katikati, lisindikizwe kwa dufu na vigelegele. Nimehudhuria harusi nyingi mji huu, sijamsikia mtu akimsifu bwana harusi. Wanalisifu joho. Bi Bimdogo mwenyewe hataona tofauti, na mti haujikuni.

La mwisho kabisa, kama haya yote hayafai, naomba utoe amri kila atakayehudhuria avae joho la sufu, wanaume kwa wanawake, wapiga dufu wawili-wawili ndani ya moja. Tuone nani atakuwa wa kwanza kuutafuta mwimo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na wewe, Sheikh, ulikilalia: watu wazima wananiambia ulipooa kwa joho hilohilo, uliisugua nguzo ya msikiti kabla ya isha. Mimi nilikutetea. Lakini wako wanaosadiki.

Nangoja jibu lako kabla ya Alhamisi. Unisalimie Bi Mize nyumbani kwako, vijana wote wa chuoni, na wazee wa barazani kila mmoja kwa jina lake. Bi Bimdogo ukimwona msalimie pia, kwa mbali.

Mimi mwanafunzi wako, mwenye kuwashwa,
Bwanausi bin Mwinyimvua

Nyongeza. Sheikh, nilikuwa naifunga bahasha, akabisha hodi Bi Mardhiya, somo anayemfunda bibi harusi. Kaniletea bakuli la liwa ya kupoza ngozi, imesagwa vizuri, imechanganywa na marashi, baridi. Na ujumbe kutoka kwa Khairat, ambao ameniapia ameuleta kama ulivyotoka kinywani:

“Mwambie ajipake. Mimi nimefungiwa ndani, madirisha yamezibwa, nafukizwa udi asubuhi na jioni, na harara imenijaa mgongo wote. Hiyo liwa ni nusu ya yangu. Na sikumwandikia mtu barua.”

Sijui nani aliyemwambia kwamba naandika. Nadhani Ashatu. Sheikh, nimeona haya, nimekaa kitako hapa mlangoni na bakuli mapajani nisijue pa kuuweka uso wangu.

Kwa hiyo futa wakili, futa mti, futa na birika. Joho nitalivaa, na mkono wangu hautainuka, hata nikifa ndani yake. Barua ningeichana, ila karatasi ndiyo ya mwisho na ombi ninalo bado, moja tu. Waambie wale watu wa dufu kasida wazipunguze. Yuko mtu ananingoja kwenye joto.