Bega Langu na Dari ya Kanisa

Jumatatu, 4 Machi 1974. Voi.
Mimi nilizaliwa na bahati. Toka hapa mpaka Mombasa, ambako nimekaa miezi minne nikaona mengi, hakuna fundi wa rangi ambaye hajaugua hata siku moja ila mimi. Ndiyo maana msimamizi wetu, mzee Kimeu, kanipa dari yote ya kanisa, iishe kabla ya Pasaka. Fundi mwenzangu Silvanus kapewa milango. Milango!
Saa nane, mkono juu na brashi, kitu kikachoma begani kama msumari. Nikaiuma brashi kwa meno, nikafumba macho. Nikamwambia Silvanus naomba. Akauliza kama siku hizi watu wanaomba na brashi mdomoni.

Jumanne, 5 Machi.
Upande wa kulia haulaliki. Mke wangu Lois kanivika shati kama bwana arusi, akasema niende hospitali. Hospitali wataukata mkono, Silvanus achukue dari. Nimeupima ugonjwa mwenyewe: ni hasira ya dada yangu Wakesho, kwa sababu sikwenda ubatizo wa mtoto wake. Kwetu Taita ndugu akikuwekea hasira moyoni, mwili wako ndio unaumia, mpaka aiteme.

Jumatano, 6 Machi.
Nimepanda milimani mpaka Wusi, kwa dada, nimebeba mkono kama yai. Wakesho akacheka, akasema kaka, mimi ni mtu wa kanisa. Halafu akaona sitoki mlangoni. Akajaza maji mdomoni, akayapuliza nje, akasema kama nina neno juu ya kaka yangu, na litoke. Nikainua mkono. Msumari uko palepale. Akasema hakuwa na hasira hata kidogo. Sasa anayo.

Alhamisi, 7 Machi.
Hospitali. Daktari Ndulu akasema niinue mkono kwa upande, polepole. Chini, hakuna neno. Kufika usawa wa bega, nikalia. Kufika sikioni, maumivu yakapungua. Akafurahi, mtu yule. Akausukuma mkono chini, akasema nizuie. Nikazuia.
Akasema kano haijakatika. Inabanwa chini ya mfupa wa bega kila nikiinua mkono, inavimba, halafu inabanwa zaidi. Nikauliza wanakata lini. Akasema hakatwi mtu hapa. Wiki sita bila kazi ya juu ya kichwa, na vidole vitambae ukutani kila asubuhi, taratibu. Nikiendelea na dari, kano itachanika, na hapo hata kikombe cha chai nitanyweshwa.
Sikulala kwa kukiwaza hicho kikombe.

Ijumaa, 8 Machi.
Daktari hakuutaja mkono wa kushoto. Nikapanda ngazi, wa kulia mfukoni. Saa sita, bega la kushoto nalo likachoma, usawa uleule. Brashi ikaniponyoka.
Silvanus akaja chini ya ngazi, akasema kwa sauti ndogo: ndugu yangu, shuka, nimalizie dari, wewe shika milango, Kimeu tutamwambia dari ni kazi yako. Nikamjibu watu wenye bahati hawashuki. Kesho nafunga brashi kwenye ufito mrefu.
Ile bahati niliyoiandika Jumatatu ni uongo. Bega la kulia linaniuma tangu Krismasi, na ninaogopa.