Kamera Yenu Mpya Ina Jicho la Zamani

Kwa Mkuu wa Kiwanda cha Kamera
(Nakala kwa yeyote ofisini mwenu mwenye mama mkwe)

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima na kiwanda kinanguruma vyema. Mimi si mzima. Ni mpiga picha wa pasipoti, harusi na mahafali, na chumba cha studio yangu ni mali ya mama mkwe. Sentensi hiyo naomba uisome tena kabla hujaendelea.

Mama mkwe amekuwa akilalamika kwamba kamera yangu ya zamani inamtoa kama mtu aliyesimama kwenye moshi. Nikamwapia, mke wangu akisikia, kwamba nitanunua mpya. Nikanunua yenu, ile mnayoiita ya wanaoanza, boksi linang'aa, limeandikwa "Kizazi Kipya" kwa herufi za dhahabu. Nikamkalisha, nikampiga. Akatandaza picha mbili mezani, ya zamani na mpya. Moshi ule ule! Akasema nimeipangusa kamera kuukuu kwa kitambaa chenye mafuta nikaiita mpya, na kwamba mwisho wa mwezi chumba anampa mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, ambaye naye anapiga picha, au anadhani anapiga.

Nikampelekea fundi kamera. Akaifungua, akacheka mpaka akakaa chini. Kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, yaani jicho lenyewe, ni kile kile kilichomo kwenye kamera yangu ya zamani. Niliwaandikia, mkanijibu kwa adabu, mkatoa sababu. Nami nazijibu:

1. Mnasema teknolojia ya zamani imeshajaribiwa. Hata mimi nimeshajaribiwa. Mama mkwe amenijaribu tangu siku ya posa, na bado nafukuzwa.

2. Mnasema mitambo ya kutengeneza jicho lile ipo tayari, na kuisimamisha ni hasara. Sawa. Basi mngeandika kwenye boksi kwamba ndani ni kiporo. Mke wangu akipasha kiporo huniambia ni kiporo, nami nakila kwa amani.

3. Mnasema anayeanza hatagundua tofauti. Hapa mmenikera kweli. Kwanza, mimi sianzi. Unaoanza upya kila mwezi ni mfuko wangu. Pili, kwa hesabu hiyo mtoto mchanga avalishwe kanzu kuukuu ya babu yake, kwa kuwa anaanza na hatagundua. Bwana harusi naye, kwa kuwa ni mara yake ya kwanza, afunikiwe shangazi mtu ndani ya shela, akabidhiwe na kupigiwa vigelegele.

4. Hili hamkulisema, fundi ndiye kalisema: mkitia jicho zuri kwenye kamera ndogo, nani atanunua ile kubwa? Kumbe mnatufanya tuone vibaya makusudi. Daktari wa macho akifanya hivyo anakamatwa.

Kwa hiyo naomba mhandisi wenu mkuu aje mwenyewe, akae sebuleni kwa mama mkwe, kwenye kile kiti chenye mguu unaocheza, akiri kwamba kosa si langu. Asipoeleweka, arudi kesho yake. Asilete vipeperushi. Na aje kabla mwezi haujaisha, kwa sababu naipenda studio ile, Ndugu Mkuu, nasema bila aibu. Wanangu wote nimewapigia picha yao ya kwanza mle ndani. Nikihamia kibarazani sitakuwa mpiga picha tena, nitakuwa mtu mwenye kamera tu.

Wasalimie wahandisi, wafagizi, mlinzi wa getini, na aliyeandika zile herufi za dhahabu. Huyo mwambie nitamtafuta.

Ni mimi niliyeingizwa mjini,
Mpiga Picha

Baada ya kutia sahihi: Kabla sijafunga bahasha, mama mkwe ameingia. Anatoka kwa mwanyumba wangu, aliyempiga picha kwa kamera yenu ile kubwa. Imemtoa kila kunyanzi, kila doa, na ndevu mbili za kidevuni ambazo hata baba mkwe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuzijua. Amelia. Kisha amesema chumba ni changu mpaka nizeeke, na mwanyumba asikanyage kwake mpaka aitwe. Basi mhandisi asije. Jicho lile msiliguse hata kidogo, na kama stoo mna la zamani zaidi, nitumieni upesi: mama anataka picha nyingine, na safari hii amesema nimsogelee.