Njia Rahisi Isiyo na Mashahidi

Jumapili, 4 Februari

Makubwa! Tena mezani, supu haijapoa. Burgl, mke wangu wa miaka thelathini na moja, ametangaza kwamba amejiandikisha kwenye kikundi cha Taratibu. Ni kikundi cha waoga, na cha watu wanaorudi kwenye skii, mbao za kutelezea thelujini, baada ya kuzitupa miaka mingi. Wanachaguliwa njia nyepesi, wanashuka kidogo, wanapumua, wanashuka tena. Na kiongozi wao ni nani? Vinzenz Pfurtscheller! Yule yule aliyenishinda mbio za kijiji mwaka wa themanini na sita kwa sehemu nne za mia za sekunde. Mpaka leo akikutana nami dukani hunisalimia kwa vidole vinne.

Burgl anataka twende wote. Anasema amechoka kukaa kwenye kiti cha lifti ya kupandia mlimani na mtu asiyemjua huku mumewe anaota moto jikoni. Miaka tisa! Nikamkumbusha goti langu. Akanikumbusha kwamba daktari alisema goti limepona miaka minane iliyopita. Nikamwambia mwanamume aliyezaliwa bonde hili haonekani kwenye njia ya buluu, ya wanaojifunza, pamoja na wageni. Akasema basi, atashuka na Vinzenz. Kisha akajiongezea supu!

Vinzenz ni mjane. Ana meno yake yote. Hili lazima likomeshwe.

Mpango: nijirudishe kwenye skii kimya kimya kabla ya Ijumaa. Njia nyepesi, lakini jicho la mtu lisinione. Kisha nitokee mbele ya kikundi nimchukue mke wangu.

Jumatatu, 5 Februari

Nimekwenda kwa Seppl wa lifti. Nikamwambia tuna mgeni chumba cha pili tunachopangisha, anatoka Hamburg, mtu mzima, mwoga mwoga, hajagusa skii miaka tisa. Njia gani itamfaa? Seppl akauliza goti la mgeni linaendeleaje. Nikasema salama. Sijui kwa nini aliulizia goti.

Basi akanipa darasa. Namba mbili, ya buluu, ni pana na imelala vizuri, lakini aishuke saa tatu mpaka saa tano asubuhi, wakati mashine imetoka kuisawazisha. Baada ya saa saba jua linaifanya uji, na jioni uji unaganda. Namba tano ni buluu pia, ila ni tambarare mno, mtu anajisukuma kwa fimbo mpaka makwapa yanauma. Namba saba ni buluu ya kwenye karatasi. Iko kivulini, haijaona jua tangu Novemba. Rangi, anasema Seppl, inakueleza mteremko tu, haikuelezi barafu. Mwoga atazame saa kwanza, rangi baadaye.

Nikamwuliza la maana: ipi haina watu? Akasema saba, mwenye akili zake haipiti.

Nikamshukuru sana. Saba!

Jumanne, 6 Februari

Nimevaa lile vazi la njano ambalo mgeni wa Hamburg alilisahau chumbani. Kofia ngumu, miwani, shali mpaka puani. Hata mama yangu angenipita asinijue.

Namba saba si njia. Ni kioo! Kona ya kwanza niliipiga kwa skii, ya pili kwa ubavu, zilizobaki kwa makalio. Dakika arobaini. Suruali ya mgeni imechanika mahali pasipotajika. Ni kweli hakukuwa na shahidi hata mmoja, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Chini nikamkuta Seppl. Akanikaribisha kwa heshima zote, akauliza habari za Hamburg. Nikamjibu kwa Kijerumani cha redioni kwamba Hamburg ni njema. Akauliza, "Na Burgl hajambo?"

Lo! Nikasema simjui Burgl yeyote. Akasema pole, kanifananisha. Tena akasema ajabu kweli, maana mwenye vazi hili, yeye Seppl mwenyewe alimpeleka stesheni Jumamosi.

Nimelishona vazi. Burgl akiuliza, nitasema panya.

Jumatano, 7 Februari

Nimeshinda dirishani na darubini. Kikundi cha Taratibu watu wanane, namba mbili, saa tatu kamili. Wanajipanga kama bata. Nikaona Burgl anaanguka. Nikaruka kitini! Kumbe anacheka. Ameketi kwenye theluji anacheka mpaka kofia imepinda. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo, na kuliandika hili kunaniuma.

Alirudi mashavu mekundu. Akasimulia, sikumwuliza. Vinzenz amewafundisha wasitazame bonde, watazame mti wa alama unaofuata tu, wakifika wautafute mwingine. Vinzenz hamcheki mtu. Vinzenz alimbebea skii mpaka kwenye basi.

Alimbebea skii! Bonde hili mwanamume habebi skii za mwanamke ovyo ovyo. Burgl akasema acha wivu wa kitoto, mzee wangu, alizibeba za watu wote wanane. Hiyo ndiyo hila yenyewe!

Niandike ukweli, kwani daftari hili hasomi mtu. Goti ni zima. Ninaogopa. Nikisimama juu na kutazama chini, miguu inakuwa si yangu. Lakini kumwambia Burgl hivyo, na Vinzenz asikie? Afadhali nife.

Mpango mpya, na huu ni wa kitaalamu. Lifti mpya inaishia mahali njia mbili zinapoanza bega kwa bega: namba mbili ya buluu na namba nne nyekundu, ile kali. Kila moja ina kisahani cha rangi kwenye mti wake. Nikibadilisha visahani, nyepesi itaitwa nyekundu. Nitaishuka hiyo mbele ya wote. Watu wanasoma rangi, hawasomi theluji. Vinzenz na bata wake wataona kisahani chekundu, watatetemeka.

Alhamisi, 8 Februari

Imekwisha! Nilipanda na kiti cha mwisho, bisibisi kwenye soksi. Vidole viliganda, skrubu moja ikapotelea thelujini. Lakini visahani vimehama.

Dosari ndogo. Nilikuwa juu ya mlima na sikuwa na njia ya kushuka ila kuteleza. Nikarudi na lifti. Seppl alisimamisha mashine kunitazama. Akasema tangu aanze kazi hii walioshuka na kiti ni wagonjwa na padri tu, na haoni kama mimi nimevaa kanzu. Nikasema tumbo. Akauliza bisibisi kwenye soksi ni dawa ya tumbo? Nikasema ni ya kukazia miwani. Watu wa siku hizi wana maswali!

Ijumaa, 9 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Ukungu. Ukungu mzito kama maziwa! Niliposhuka kwenye kiti sikujua kulia wala kushoto. Nikasikia sauti ya Burgl, nikawaona wote wanane na Vinzenz wao. Burgl alinitazama kama aliyemwona mfu. Akasema, "Kassian? Na skii?" Jinsi alivyolitaja jina langu, moyo ulinipasuka.

Hapo ningenyamaza nikasimama karibu naye. Badala yake nikatafuta kisahani chekundu. Kile pale! Kazi ya mikono yangu! Nikapaza sauti kwamba wenye kupenda buluu wabaki, mimi nashuka nyekundu. Burgl akapiga kelele nisiende. Nikaenda.

Salaale! Ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kweli! Ardhi iliondoka chini yangu. Skii moja ilikwenda Italia, nyingine ikabaki na fimbo. Nilisikia mtu analia kwa sauti nyembamba, nikamhurumia, kumbe ni mimi.

Vinzenz ni mwokoaji wa mlimani, hilo nalo! Alinikuta, akanifunga blanketi, akanishusha kwenye machela ya kuburuzwa, nimefungwa mikanda kama soseji. Hata vidole vinne hakunionyesha. Hilo lilinishtua kuliko kuanguka.

Chini, Seppl akafafanua. Aliona visahani saa moja asubuhi, akavirudisha kabla ya kufungua lifti. Nikamwuliza kwa nini hakunijulisha! Hapo akaacha utani. Akauliza, je, angepita mtoto? Angepita mke wako? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na ni heri niliingia mimi.

Gumba limeteguka, basi. Burgl alikaa kando ya kitanda cha zahanati bado amevaa viatu vya skii. Nikamwambia yote: vazi, saba, bisibisi. Na woga. Nilidhani atacheka. Akalia. Akasema alijua tangu mwaka wa kwanza. Akasema, "Mimi sikutafuta bingwa, mzee wangu. Natafuta wa kukaa naye kwenye kile kiti. Miaka tisa nakaa na watalii!"

Nimeahidi. Jumapili, saa tatu, namba mbili.

Jumapili, 11 Februari

Tumeshuka. Yeye mbele, mimi nyuma, mti mpaka mti. Nilipokwama hakuniharakisha, alisimama akafuta miwani yake mpaka nikapumua. Tulipitwa na shule nzima ya chekechea. Tulipitwa na Vinzenz, akainua kofia. Na sikujali! Kwenye kiti cha lifti Burgl aliingiza mkono wake mfukoni mwangu, pale penye gumba bovu. Tulishuka mara nne. Mkahawani tukala maandazi ya chachu yenye jamu ya plamu ndani, sahani moja, uma mbili.

Sijaona siku nzuri kama hii tangu arusi. Nimekoma. Naapa, hila na mimi basi.

Jumatatu, 12 Februari

Ala! Tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kijiji! Jumamosi kuna mbio kwenye namba mbili, kila mtu aje, hata kikundi cha Taratibu. Na mshindi si mwenye kasi. Wanajumlisha muda wa watu wote, wanatafuta wastani, aliye karibu nao zaidi ndiye anachukua kombe. Si wa mbele, si wa nyuma: wa katikati!

Nani katika bonde hili ni wa katikati kuliko mimi? Vinzenz hawezi, ana kasi mno. Amekwisha!

Ila wastani hauachiwi bahati. Unapikwa. Nimeshaongea na wapiga tarumbeta sita wa bendi ya kijiji washuke na vyombo vyao shingoni, pole pole, mpaka wastani upande ufikie muda wangu. Wamekubali kwa pipa moja la bia. Kuanzia kesho nitajificha nyuma ya msonobari na saa ya kupimia, niandike muda wa kila anayepita.

Burgl ameingia sasa hivi. Amezipaka nta skii zangu na zake, ameziegemeza pamoja mlangoni. Anauliza kesho saa tatu, kama jana?

Nikamwambia avumilie, wiki hii sina nafasi kabisa ya kuteleza naye. Nina mbio za kushinda kwa ajili yake.

Ameondoka na skii zake, zangu ameziacha mlangoni. Nimeshtuka! Mtu unajitoa mhanga hivi, halafu ananuna.