Ombi la Kurudishiwa Mume Aliyebaki kwenye Karakana ya Ndege za Zamani

Ndugu Msimamizi wa Makumbusho na Karakana ya Ndege,

Natumaini hujambo, na ndege zako nazo hazijambo, ingawa kwa nilivyoziona, nyingi bado ni wagonjwa. Mimi ni fundi cherehani, na mke halali wa yule mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayefika kwenu kila Jumamosi kabla hata mlinzi hajafungua geti. Mwaka jana aliniaga kwamba anakuja kutazama ndege kwa saa moja tu. Hadi leo sijarudishiwa mtu. Naomba nirudishiwe, kwa sababu hizi:

1. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa, mume wangu hajawahi kunisifia umbo. Lakini mnayo ndege moja ya mabawa ya kitambaa, haina injini, haina matairi, tumbo limetoboka, na akianza kuieleza mezani chakula kinapoa. Eti ina mabega mazuri! Nimejitazama kwenye kioo. Mabega ninayo, tena yote mawili mazima.

2. Mmemfundisha kwamba kila kipande kinachofunguliwa kwenye ndege lazima kifungwe lebo: ni nini, kimetoka wapi, kina hali gani. Utaratibu mzuri sana, huko kwenu. Kwangu, birika lina lebo: "Mfuniko umelegea. Ni wa asili." Mlango wa choo: "Bawaba ina kutu. Usilazimishwe." Mama yangu mzazi alikuja kutusalimia, akasinzia kitini, akaamka na lebo kwenye mkoba wake: "Haujafunguliwa tangu ufike." Aliondoka bila kuaga.

3. Sofa limezungushiwa kamba. Wageni hukaa jikoni na kulitazama kwa mbali.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wiki mbili zilizopita nilikuta lebo kwenye kifungo cha koti langu la kazi: "Mke. Wa asili. Vipuri vyake havipatikani popote. Asibadilishwe." Ndugu Msimamizi, mimi wa kuwekwa fungu moja na birika! Nilipandwa na hasira hata nikasahau kuitoa, wateja wote wakaisoma. Kesho yake nikasahau tena.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, umfukuze. Ukishindwa, basi niletee hiyo ndege nyumbani, iwekwe uani, nijue tuko wake wangapi. Kula peke yangu kila Jumamosi kumenichosha, na hilo nalisema bila mzaha.

Wasalimie mafundi wote, mlinzi wa geti, na yule dada wa tiketi aliyenipa kiti Jumamosi iliyopita nilipokuja kuwapa vidonge vyenu.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kiduchu,
Mke wa Mwalimu

Tanbihi: Siku hiyo hiyo, kabla sijaondoka, nilimsogelea yule mwenzangu mwenye mabega. Nani alimshona bawa la kushoto? Mshono umepinda, na uzi haukupakwa hata nta! Nilifumua shubiri mbili kabla mtu hajaniona. Asiliguse mtu. Nakuja Jumamosi hii, kabla geti halijafunguliwa, na sindano zangu mwenyewe. Mwalimu atanishikia taa. Tena mwambie aniandikie lebo nyingine, kwa sababu ile ya kwanza, wino wake umeanza kufifia.